Nani Mwenye Ardhi? Hoja za Kifalsafa Kuhusu Uhalali wa Umiliki na Mtihani wa Mailo na Kibanja Nchini Uganda

Ikisiri

Makala hii inafafanua hoja kuu za kifalsafa zinazotumiwa kueleza kinachoufanya umiliki wa mali kuwa halali, kisha inazipima kwa kisa kimoja cha Afrika Mashariki: ardhi ya mailo na vibanja vilivyomo ndani yake katika Buganda, nchini Uganda. Hoja zinazochambuliwa ni tano: kutangulia, jasho, makubaliano na sheria, manufaa, na amana ya jamii. Inaelezwa kwamba kila hoja inaitetea vizuri haki moja miongoni mwa haki zinazogongana juu ya kipande kilekile cha ardhi, na kwamba hakuna hata moja inayoweza kuzieleza haki zote peke yake. Aidha, makala inaonesha kuwa istilahi za Kiswahili kama vile mmiliki, mwenye, mpangaji na mvamizi zimebeba hoja hizo ndani yake, kwa hiyo mfasiri wa sheria anapochagua neno huwa tayari ameshatoa sehemu ya hukumu. Makala inapendekeza njia ya kuteua istilahi ambayo haitangulii kuamua mgogoro kabla ya mahakama na bunge.

Istilahi muhimu: umiliki, uhalali, ardhi, mailo, kibanja, tafsiri ya sheria

1.0 Utangulizi

Mfano ufuatao ni wa kubuni, ila unafuata mkondo wa migogoro mingi inayojulikana katika Uganda ya kati. Familia moja inaishi katika kibanja nje ya Kampala. Babu wa familia hiyo aliingia hapo miaka ya 1930 kwa ridhaa ya mwenye ardhi wa wakati huo, baada ya kutoa kanzu, yaani ada ya heima ambayo mgeni humpa mwenye ardhi ili atambuliwe. Alipanda migomba na mibuni, akajenga, akazaa, akafa, akazikwa hapo hapo. Wanawe na wajukuu wake wakaendelea kulima. Mwenye ardhi naye alifariki, na warithi wake wakaiuza hati kwa mfanyabiashara wa mjini aliyelipa fedha halali na kuandikishwa katika daftari la serikali. Siku moja mfanyabiashara anafika na hati mkononi. Familia inamwonesha makaburi, mibuni na stakabadhi za zamani za ada ya ardhi. Kila upande unatamka sentensi ileile: ardhi hii ni yangu.

Ugumu wa kisa hiki ni kwamba hakuna upande unaosema uongo. Mfanyabiashara hakuiba hati, na familia haikuvamia shamba. Pande hizo zinatofautiana katika jibu la swali lililotangulia sheria yenyewe, nalo ni hili: ni jambo gani linaloifanya mali kuwa ya mtu kwa haki? Wanafalsafa wamelijadili swali hilo kwa karne nyingi, na majibu yao yamo ndani ya katiba, hukumu na sera za ardhi za nchi za Afrika Mashariki, hata pale ambapo majina yao hayatajwi.

Swali hili limepata uzito mpya kwa wataalamu wa lugha. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la nchi hiyo liliidhinisha utekelezaji wa agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki la kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Sheria na sera za ardhi zitahitaji kusomeka kwa Kiswahili, na atakayezifasiri atalazimika kuwapa majina mfanyabiashara na familia ya kibanja.

2.0 Mzizi wa neno milki

Msamiati wa Kiswahili kuhusu mali umetoka katika vyanzo viwili, na kila chanzo kina mtazamo wake. Chanzo cha kwanza ni Kiarabu. Kutokana na mzizi m-l-k Kiswahili kimepata milki, kumiliki na mmiliki. Mzizi huohuo umezaa mamlaka, yaani uwezo wa kutawala, na mamluki, neno ambalo asili yake ni mtu anayemilikiwa. Katika Kiswahili cha zamani kumiliki kulikuwa na maana ya kutawala, na mpaka leo milki ni neno la kawaida katika vitabu vya historia kwa dola kubwa, kama katika Milki ya Uthmani. Kwa hiyo neno moja linabeba mali ya mtu na himaya ya mfalme.

Muungano huo wa maana una msingi katika historia. Wanasheria wa Roma walitenganisha mamlaka ya mwenye mali juu ya kitu na mamlaka ya mtawala juu ya watu. Mwaka 1927 mwanafalsafa wa Marekani Morris Cohen alidai kuwa mpaka huo ni mwembamba kuliko unavyodhaniwa, kwa kuwa anayemiliki kitu ambacho wengine hawawezi kuishi bila hicho huwatawala watu hao kwa kiasi fulani. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kuaminishwa jambo hilo, kwa sababu lugha yake haikuyatenganisha maneno.

Chanzo cha pili ni Kibantu, nacho kina shina -enye na vimilikishi vya -a. Maumbo haya hayadai mamlaka. Mwenye shamba ni mtu aliye na shamba, na mwenye homa ni mtu aliye na homa. Hakuna anayedai kuwa na hati ya homa. Vivyo hivyo, mwalimu wangu si mali yangu, wala kijiji changu si mali yangu. Vimilikishi hivi huonesha uhusiano na kuacha aina ya uhusiano huo ifafanuliwe na muktadha. Neno mwenyeji nalo humtaja aliye wa mahali, awe na hati au asiwe nayo. Hata hivyo, shina hilo halikubaki bila siasa. Mwinyi, ambalo ni umbo jingine la mwenye, lilikuwa jina la heshima katika pwani, kisha katika lugha ya siasa ya Ujamaa umwinyi ukawa lawama kwa anayekula bila kufanya kazi.

Neno la tatu la kuzingatia ni halali. Jambo linaweza kuwa la kisheria bila kuwa halali machoni pa watu, na linaweza kuwa halali machoni pao bila kuwa na karatasi. Mada ya makala hii ni uhalali kwa maana hiyo pana.

3.0 Hoja tano za uhalali

3.1 Hoja ya kutangulia

Hoja kongwe zaidi ni kwamba aliyefika kwanza ndiye mwenye kitu. Sheria ya Roma iliitumia kwa vitu visivyo na mwenyewe, kama vile samaki wa baharini na ndege wa porini. Katika karne ya 17 Hugo Grotius na Samuel Pufendorf waliiendeleza, lakini waliongeza sharti muhimu: kutangulia peke yake hakutoshi mpaka wengine wawe wamekubali, waziwazi au kimyakimya, kwamba anayetangulia astahili kuachiwa.

Nguvu ya hoja hii ni wepesi wake. Udhaifu wake ni kwamba haielezi kwa nini bahati ya kufika mapema iwafunge watu ambao hawajazaliwa. Jean-Jacques Rousseau, katika insha yake ya mwaka 1755 kuhusu chanzo cha kutokuwepo usawa, alimwona mtu wa kwanza aliyezungushia kiwanja uzio na kudai ni chake kuwa mwanzilishi wa jamii na pia mwanzilishi wa maafa yake. Katika Afrika Mashariki udhaifu mwingine ni wa ushahidi. Watu wamehamahama, koo zimepokeana ardhi, na kila masimulizi ya kutangulia huanzia pale msimuliaji anapopenda kuanzia.

3.2 Hoja ya jasho

John Locke, katika maandishi yake kuhusu serikali yaliyotoka mwaka 1689, alianza na dai kwamba Mungu aliwapa wanadamu wote dunia kwa pamoja. Je, kitu cha wote kinakuwaje cha mmoja? Jibu lake ni kwamba kila mtu ana milki ya mwili wake na kazi ya mikono yake. Anapoichanganya kazi hiyo na kitu cha asili, kitu hicho kinakuwa chake. Locke aliweka masharti mawili: wengine wabakiziwe cha kutosha na chenye ubora uleule, na asiwepo anayejilimbikizia mpaka vitu vikaharibika.

Mswahili anayesema mchumia juani hulia kivulini yumo katika hoja hiyo. Fikihi ya Kiislamu, ambayo kwa karne nyingi imeongoza mambo ya mali katika pwani, ina fundisho linalofanana nayo, la kuihuisha ardhi iliyokufa: anayeilima ardhi isiyo na mtu huipata. Wanazuoni walitofautiana kuhusu nafasi ya mtawala. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea zaidi katika pwani, hakushurutisha idhini ya mtawala, ilhali Imamu Abu Hanifa aliishurutisha. Ndani ya tofauti hiyo ndogo mna swali zima la iwapo haki hutokana na jasho au na dola.

Hoja ya jasho ina matatizo mawili makubwa. La kwanza ni mipaka yake. Robert Nozick, ambaye mwenyewe ni mtetezi wa umiliki binafsi, aliuliza mwaka 1974: mtu akimwaga juisi yake ya nyanya baharini, je, ameipata bahari au ameipoteza juisi? Aliyepanda mnazi ana haki ya mnazi. Je, ana haki ya ardhi iliyo chini yake? Desturi za Unguja na Pemba ziliwahi kujibu kwa kuvitenganisha viwili hivyo, hata mtu akawa na miti katika ardhi isiyo yake. Mombasa nako kuna nyumba zinazouzwa na kurithiwa huku kiwanja kikiwa cha mtu mwingine.

Tatizo la pili ni la kihistoria. Hoja ya jasho inamtambua mkulima na kumsahau mfugaji, ambaye hutunza malisho kwa kuyaacha yapumzike. Tawala za kikoloni zilikuwa na desturi ya kuiita ardhi isiyolimwa kuwa pori tupu, na pori tupu likawa la dola. Wamaasai waliohamishwa kutoka Bonde la Ufa kwa mikataba ya 1904 na 1911 walikuwa na mifugo, maji na njia za malisho; hawakuwa na matuta ya kuonesha.

3.3 Hoja ya makubaliano na sheria

Kundi la tatu la wanafalsafa linasema kuwa umiliki si uhusiano wa mtu na kitu, bali ni uhusiano wa watu kuhusu kitu. David Hume, mwaka 1740, aliufananisha na watu wawili wanaopiga makasia katika mashua moja: hawakuahidiana lolote, lakini kila mmoja anakwenda na mapigo ya mwenzake kwa kuwa wote wananufaika. Immanuel Kant, mwaka 1797, alikwenda mbele zaidi. Kwake, kushika kitu kabla ya kuwepo kwa dola huzaa haki ya muda tu. Haki hiyo hukamilika pale ambapo sheria ya wote inamfunga kila mmoja kuheshimu cha mwenzake.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii, ambayo kwa kawaida hutumiwa kuhimiza uangalifu, inaeleza pia mantiki ya mfumo wa usajili: hati humpa mnunuzi uhakika bila kumlazimisha kuchunguza historia ya vizazi vinne. Lakini hoja ya sheria ina kikomo chake. Iwapo sheria ndiyo chanzo pekee cha uhalali, basi hakuna sheria ya ardhi inayoweza kuitwa dhalimu, na anayenyang'anywa kwa amri iliyochapishwa katika gazeti la serikali hana neno la kulalamikia. Kant mwenyewe aliikwepa hatari hiyo kwa kudai kuwa sheria lazima iwe ile ambayo watu wote wangeweza kuiridhia.

3.4 Hoja ya manufaa

Jeremy Bentham aliona mali kuwa ni matarajio yanayolindwa na sheria: mtu hulima leo kwa sababu anatarajia kuvuna kesho. Kwa mtazamo huu, umiliki ni halali kadiri unavyoongeza ustawi wa jumla. John Stuart Mill, mwaka 1848, aliitumia mantiki hiyohiyo kuonesha kuwa ardhi ni ya aina ya pekee. Hakuna mwanadamu aliyeitengeneza, kwa hiyo haki ya mwenye ardhi inategemea kama anaiendeleza. Mwenye ardhi asiyeiendeleza hana utetezi wa kiuchumi.

Hoja hii ndiyo inayotawala sera za leo zinazohimiza hati ili wakulima wapate mikopo na kuwekeza. Udhaifu wake ni kwamba haimlindi mtu yeyote kwa uthabiti. Ikiwa mwekezaji anaweza kuzalisha zaidi ya familia ya kibanja, hesabu ya manufaa inaweza kuitaka familia iondoke, hata kama imeishi hapo kwa vizazi vitatu.

3.5 Hoja ya amana ya jamii

Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipopendekeza kuwapa Waafrika wa Tanganyika umiliki binafsi wa kudumu wa ardhi, Julius Nyerere aliandika insha iitwayo Mali ya Taifa. Mwanzo wake unafanana na wa Locke: ardhi ni zawadi ya Mungu kwa viumbe wake wote. Hatua ya pili pia inafanana: jasho humpa mtu haki. Njia zinaachana katika hatua ya tatu. Kwa Nyerere, anayefyeka na kujenga anakimiliki kile alichokiongeza, na ana haki ya kuitumia ardhi maadamu anaitumia. Ardhi yenyewe inabaki ya jamii. Hofu yake ilikuwa kwamba ardhi ikigeuzwa bidhaa, wachache wenye fedha wataikusanya na walio wengi watakuwa wapangaji katika nchi yao.

Hoja ya amana imeingia katika sheria za eneo hili kwa sura mbalimbali. Tanzania imeiweka ardhi yote ya umma mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2005 iliitambua ardhi kuwa sehemu ya urithi wa pamoja wa Wanyarwanda waliotangulia, waliopo na watakaokuja. Sheria ya Kongo ya mwaka 1973 iliifanya kuwa mali ya dola peke yake. Katiba ya Kenya ya 2010 imesema ardhi yote ni ya watu wa Kenya kwa pamoja, na Katiba ya Uganda ya 1995 imeikabidhi kwa raia wenyewe kupitia mifumo minne ya umiliki: ya kimila, ya kudumu, ya mailo na ya kukodi.

Swali gumu kwa hoja hii ni nani anayemsimamia mdhamini. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililijibu kwa sehemu mwaka 1994, ilipoamua kuwa haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba aliyetia jitihada katika ardhi anastahili fidia ya haki hata kama hakuna maendelezo yanayoonekana juu yake. Katika uamuzi huo jasho lilitumika kumdhibiti mdhamini.

4.0 Mtihani wa mailo na kibanja

4.1 Chimbuko

Kabla ya 1900 ardhi ya Buganda ilibeba haki nyingi kwa wakati mmoja. Koo zilikuwa na butaka, yaani maeneo ya mababu na makaburi yao. Machifu walishika maeneo kwa sababu ya vyeo vyao na kuyaacha walipovuliwa vyeo. Wapo watu binafsi waliokuwa na ardhi ya kurithishana. Wakulima wa kawaida walikuwa na vibanja chini ya wakuu hao. Kabaka alikuwa juu ya wote, lakini alikuwa pia kiongozi wa viongozi wa koo.

Mkataba wa Buganda uliotiwa saini Machi 1900 kati ya Harry Johnston na watawala walioshika nafasi ya Kabaka Daudi Chwa, aliyekuwa mtoto, uliyabadili haya yote. Eneo la Buganda lilikadiriwa kuwa maili za mraba 19,600. Kiasi cha maili za mraba 9,000 za pori na ardhi isiyolimwa kiliwekwa chini ya serikali ya Kiingereza. Maili za mraba 8,000 zilitengwa kwa machifu na watu binafsi elfu moja, na maili 350 kwa Kabaka. Kutokana na kipimo hicho cha maili, ardhi hiyo ikaitwa mailo. Wakulima waliokuwa wakiilima hawakutajwa kama wenye haki.

Mkataba huu ulikusanya hoja kadhaa bila kuzipatanisha. Kwa machifu ulitumia hoja ya kutangulia, kwa kudai kwamba wanapewa maeneo ambayo tayari wanayashika. Kwa pori ulitumia hoja ya jasho, upande wa kukanusha: pasipolimwa hapana mwenyewe. Yote hayo yalifungwa kwa sahihi, yaani kwa hoja ya sheria. Katika miaka ya 1920 viongozi wa koo, Bataka, walilalamika kuwa butaka zao zimegawiwa wengine. Walichokuwa wakikipinga ni ukweli wa historia ambayo mkataba ulidai kuithibitisha.

Wakati huohuo zao la pamba lilifanya ardhi iwe na thamani, na wenye mailo wakaongeza madai yao juu ya mavuno ya wakulima. Sheria ya Busuulu na Envujjo ya mwaka 1928 iliweka kikomo: busuulu, yaani ada ya ardhi, na envujjo, yaani sehemu ya mazao, zikapangiwa viwango, na mwenye kibanja hakuweza tena kuondolewa bila amri ya mahakama. Amri ya serikali ya Idi Amin ya mwaka 1975 iliifanya ardhi yote kuwa ya umma na kuuondoa ulinzi huo. Katiba ya 1995 iliirudisha mailo. Sheria ya Ardhi ya 1998 ikawatambua wakaaji walioingia kihalali, pamoja na wale waliokuwa wamekaa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba bila kupingwa. Marekebisho ya 2010 yakaweka kwamba mkaaji wa aina hiyo anaweza kuondolewa kwa kosa moja tu, la kutolipa ada ya mwaka, na kwamba kuuzwa kwa hati hakufuti haki yake.

4.2 Kisa mbele ya hoja

Hoja ya sheria inampa mfanyabiashara ushindi wa nusu: daftari linamtaja yeye, lakini sheria hiyohiyo inasema aliinunua ardhi pamoja na watu waliomo. Hoja ya jasho inaipa familia migomba, mibuni na nyumba bila shaka, na pengine zaidi. Hoja ya kutangulia inaipendelea familia dhidi ya mnunuzi, lakini haiwezi kuishia hapo. Ikiwa kutangulia ndiko kunakohesabiwa, ukoo ambao butaka yao ilikuwa hapo kabla ya 1900 unaweza kusimama na kudai pande zote mbili ziondoke. Hoja ya manufaa inasubiri takwimu za mavuno. Hoja ya amana inauliza kama mgawanyo wa 1900 ulistahili kuwafunga raia wa leo, na wakati huohuo inaitahadharisha serikali isijifanye mwenye ardhi mpya kwa kisingizio cha kuwatetea wanyonge.

Sheria ya Uganda haikuchagua hoja moja. Imempa mmoja hati na mwingine kinga, ikawaacha pamoja juu ya ardhi moja. Wakosoaji wanaiona hali hiyo kuwa mkwamo: mwenye hati hawezi kutumia ardhi yake, na mwenye kibanja hawezi kuiwekea dhamana benki. Kagera, ng'ambo ya mpaka, ilipita njia nyingine. Mfumo wa nyarubanja, uliokuwa na wenye ardhi na walipa kodi waliofanana na hao wa Buganda, ulifutwa na Tanzania kwa sheria ya mwaka 1965 iliyowakomboa wapangaji. Huko jasho na amana viliishinda hati. Gharama ya njia hiyo ni kwamba haki iliyovunjwa na dola leo kwa sababu njema inaweza kuvunjwa kesho kwa sababu mbaya, na ndiyo maana uamuzi wa mahakama wa 1994 ulihitajika.

5.0 Tafsiri kama hukumu

Mfasiri anayeingia katika uwanja huu hukuta maneno yaliyokwisha kuchukua upande. Akimwita mwenye hati mmiliki na kumwita mwenye kibanja mpangaji, amekwisha kusema kuwa haki yote ni ya kwanza na ya pili ni ruhusa tu. Katika Kiswahili cha mjini mpangaji ni mtu wa chumba. Hulipa mwezi kwa mwezi, hupewa notisi na huhama. Hamrithishi mwanawe chumba, wala hazikwi uani. Mwenye kibanja hufanya yote mawili, na sheria inamlinda.

Akimwita mvamizi, au skwota kama inavyosikika Kenya, amefuta historia ya kanzu na stakabadhi. Akigeuka upande wa pili na kumwita mwenye hati kabaila au mwinyi, amekubali hoja ya jasho nzima nzima na kumhesabu mnunuzi wa jana kuwa mrithi wa dhuluma ya 1900. Hata neno hakimiliki lina mtego. Wasomaji wengi wanalijua kwa kazi za sanaa na uandishi, na katika Tanzania hati ya hakimiliki ya kimila hutolewa kwa mwanakijiji ambaye, kisheria, ana haki ya kutumia ardhi iliyo chini ya udhamini wa Rais. Aisomaye bila maelezo hudhani amepewa umiliki kamili.

Njia iliyo salama zaidi imo katika shina -enye. Mwenye hati na mwenye kibanja ni majina ya hali: yanasema nani ana nini, bila kusema nani ana haki iliyo kubwa kuliko ya mwenzake. Maneno mailo na kibanja yabaki yalivyo, kwa kuwa hayana kilingana, na kwa kuwa kibanja tayari linaeleweka kwa wasemaji wa Kiswahili wa Kagera na kwingineko. Busuulu nayo isifasiriwe kuwa kodi ya pango, bali ada ya ardhi. Neno mmiliki litumike pale tu ambapo sheria yenyewe imelitaja, na lifuatwe na maelezo ya mipaka ya umiliki huo.

6.0 Hitimisho

Hoja tano zilizochambuliwa hazishindani kwa sababu wanafalsafa walishindwa kuelewana. Zinashindana kwa sababu umiliki ni fungu la haki tofauti: kutumia, kuvuna, kurithisha, kuuza, kuzuia wengine. Jasho linaeleza vizuri haki ya kuvuna. Sheria inaeleza haki ya kuuza. Kutangulia kunaeleza uchungu wa kuhamishwa. Manufaa yanaeleza wajibu wa kutumia. Amana inaeleza kwa nini vizazi vijavyo navyo ni wadau. Mgogoro wa mailo na kibanja ni fungu hilo lililogawanywa kati ya watu wawili bila yeyote kuambiwa sehemu yake inaishia wapi.

Kwa washauri wa sera yanatokana mapendekezo matatu. Kwanza, kila pendekezo la kubadili sheria ya ardhi liseme wazi linategemea hoja ipi, na litaje haki ambayo hoja hiyo inaiacha nje. Pili, fidia au ununuzi wa haki kati ya mwenye hati na mwenye kibanja uhesabiwe kwa kila haki katika fungu, badala ya kumtafuta mmiliki mmoja na kumwita mwingine kikwazo. Tatu, kamati za istilahi zihusishe wanasheria, wanaisimu na wasemaji wa lugha za wenyeji kabla ya tafsiri ya Kiswahili kuchapishwa, kwa sababu familia itakayoisoma barua ya mahakama itakutana na neno kabla ya kukutana na hakimu. Ikisoma kwamba yeye ni mpangaji, inaweza kufungasha na kuondoka ikiwa na haki yake yote mkononi, bila kujua kuwa inayo.